Ndege Saa Moja, Safari Kutwa Nzima

Andika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye simu yako na jibu litakuja papo hapo: Kilimanjaro hadi Dar es Salaam ni kilomita 450, ndege huruka saa moja na kidogo. Jibu hilo ni sahihi, na usahihi wake ndio unaowaponza watu. Mkazi wa Hirbadaw, wilayani Hanang, anayempeleka kijana chuoni, anayemfuata mgonjwa Muhimbili au anayekwenda Kariakoo kufunga mzigo wa duka huiona ile saa moja, akaitegemea kwa safari nzima, akakata tiketi ya alfajiri kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi, na hesabu zikamgeuka hata kabla hajafika Babati. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima umbali na muda kati ya viwanja viwili, ila unashikilia jambo moja tangu mwanzo: kwa mtu wa Hanang au Mbulu, muda wa angani ni kipande kidogo cha safari, na kiwanja kinachomfaa si lazima kiwe kile chenye mstari mfupi zaidi hewani. Tena kipo kiwanja kilicho mbali zaidi kwa ndege ambacho ndicho kinachokufikisha mapema, na hilo tutalithibitisha kwa tarakimu.

Tuanze na umbali wenyewe, maana kuupima si uganga. Kila kiwanja kina mahali pake kwenye ramani panapotajwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, yaani KIA, kipo nyuzi 3.43 kusini mwa ikweta na nyuzi 37.07 mashariki. Kile cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Karibu na ikweta kila nyuzi moja ni takriban kilomita 111, uihesabu kwenda kusini au kwenda mashariki. Hiyo ni bahati ya watu wa ukanda wetu, kwa sababu kazi yote inabaki kuwa pembetatu mraba ya shuleni. Tofauti ya latitudo kati ya viwanja hivi ni 3.45, sawa na kilomita 383. Tofauti ya longitudo ni 2.13, sawa na kilomita 236. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha majibu mawili, tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo: utapata 450, ileile iliyotolewa na simu. Njia hii itakufaa popote ndani ya Tanzania, Kenya na Uganda. Haitakufaa kwa Ulaya, kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini. Usawa wa Amsterdam, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita zisizofika 70. Huko inabidi utumie kikokotoo kinachofuata mviringo wa dunia, nacho kitakuambia kwamba KIA hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,900.

Namba hiyo ni ya mstari ulionyooka, na ndege haisafiri hivyo. Inapaa kwa kuelekea upepo, hata kama upepo unatoka upande isikokwenda. Inageuka, inashika njia ya anga iliyopangiwa, inakwepa wingu la radi, na ikikaribia Dar es Salaam huenda ikaambiwa izunguke kupisha nyingine. Kwa hiyo kilomita halisi huzidi kidogo zile za kwenye karatasi. Kanuni ya mkononi ya kupata muda ni hii: gawa umbali kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, kisha ongeza nusu saa. Nusu saa hiyo inalipia kutembea chini kutoka jengo la abiria hadi njia ya kurukia, kupaa, kushuka na kutembea tena baada ya kutua, vipande ambavyo mwendo wake ni mdogo kuliko ule unaosifiwa kwenye matangazo. ATR 72 ya mapangaboi, aina inayotumiwa na Precision Air, huenda kama kilomita 510 kwa saa. Dash 8-Q400 ya Air Tanzania hufika karibu 660. Airbus A220 ya shirika hilohilo, ambayo ni ya jeti, huenda kama 830. Piga hesabu ya KIA hadi Dar kwa kila moja: ATR saa moja na dakika 23, Q400 saa moja na dakika 11, A220 saa moja na dakika tatu.

Itazame hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja. Kati ya ndege ya taratibu kabisa na ile ya kasi kabisa kwenye njia hii pana dakika ishirini tu. Watu hubishana kama jeti ni bora kuliko mapangaboi, wengine huongeza pesa ili wapande jeti, na wanachokinunua ni dakika ishirini. Umbali ni mfupi mno kiasi kwamba ile nusu saa isiyobadilika inameza faida ya kasi. Kwenda Ulaya mambo ni tofauti. Kwenye kilomita 6,900 kasi ndogo ingekuweka hewani kwa saa tano za ziada. Kwenye njia hii, lakini, ukishajua kwamba yoyote kati ya ndege hizo tatu itakuchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu, umeshajua karibu kila kitu unachohitaji kuhusu anga. Kilichobaki kipo ardhini, na huko ndiko saa zako zinakoishia.

Kutoka Katesh hadi Babati ni kama kilomita 75, Babati hadi Arusha karibu 170, na Arusha hadi KIA karibu 50. Jumla inakaribia 295, zote lami. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi mwisho ni 50. Humo njiani kuna Magugu, Minjingu, Makuyuni, vituo vya kushusha na kupakia, mizani na askari wa barabarani. Ukichukua wastani wa kilomita 55 kwa saa hujaonea mtu. Hiyo ni saa tano na dakika ishirini, na hapo bado hujahesabu kipande cha kwanza, cha kutoka nyumbani Hirbadaw hadi kwenye lami Katesh. Kipande hicho hakina muda maalumu. Kiangazi ni vumbi tu. Masika bodaboda aliyekubali jana anaweza kukataa leo, na Noah iliyobeba watu kumi inaweza kuhitaji kusukumwa na haohao kumi. Hata lami haina dhamana ya milele. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilivyoporomoka kutoka Mlima Hanang viliuvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, vikaua makumi ya watu na kufunika barabara. Balaa la aina hiyo ni la nadra, na hakuna anayepanga safari kwa kulitarajia. Lakini mvua ya kawaida tu yenye kukuchelewesha dakika arobaini imeshakula mara mbili ya tofauti yote iliyopo kati ya ATR na Airbus.

Sasa tukifikie kile kiwanja kilichoahidiwa. Kiwanja cha Arusha, ambacho wengi hukiita Kisongo, kipo nyuzi 3.37 kusini na 36.63 mashariki. Fanya pembetatu yako hadi Dar es Salaam: tofauti ni 3.51 na 2.57, yaani kilomita 390 na 285, na jibu ni 483. Kwa mstari wa angani Kisongo ni mbali kuliko KIA kwa kilomita 33. Anayechagua kiwanja kwa kutazama umbali wa ndege angekiacha. Lakini kilomita 33 kwa ATR ni dakika nne. Upande wa barabara, Kisongo kipo kando ya barabara ya Babati, kama kilomita kumi kabla hujaingia Arusha mjini. Mtu anayetoka Katesh anakifikia akiwa amekwenda karibu kilomita 235 badala ya 295. Zaidi ya hizo 60 alizookoa, ameokoa pia kuukata mji: kushuka stendi, kutafuta gari la Moshi, kukaa kwenye foleni, kushuka njia panda ya KIA na kutafuta teksi au bodaboda ya kumwingiza ndani. Hata mwenye gari binafsi akipita barabara ya mchepuo, bado ana kilomita zilezile za ziada mbele yake. Kwa msafiri wa basi kipande hicho hakipungui saa moja na robo, na mara nyingi kinazidi. Unapoteza dakika nne hewani, unapata zaidi ya saa nzima chini.

Kisongo kina masharti yake, na ni haki kuyataja. Njia yake ya kurukia ni fupi kuliko ile ya KIA yenye urefu wa mita 3,600, kwa hiyo ndege kubwa haziendi. Safari ni chache. Baadhi ya ndege ni Cessna Caravan zenye injini moja, zinazokwenda kama kilomita 340 kwa saa, na hizo zitakuchukua karibu saa moja na dakika 55 au zaidi, maana nyingine hupitia Zanzibar kushusha watalii kwanza. Mizigo kwenye Caravan hupimwa kwa ukali. Kilo 15 za begi laini ndicho kiwango cha kawaida, na aliyebeba debe la mafuta ya alizeti kwa ajili ya shangazi yake wa Temeke atajikuta akiliacha kaunta. Basi uliza mambo mawili kabla ya kulipa: ndege ni ya aina gani, na inapita wapi. Ikiwa ni ATR inayokwenda moja kwa moja, Kisongo inashinda. Ikiwa ni Caravan ya kupitia visiwani na una mizigo, KIA inarudi mezani.

Upande wa pili kuna Dodoma. Tangu barabara ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa ilipozinduliwa mwaka 2018, kilomita 251 za lami, watu wa Hanang wamepata mlango wa kusini ambao wazazi wao hawakuwa nao. Katesh hadi Dodoma kwa njia hiyo ni kama kilomita 325, na ukipitia Singida hutaona tofauti kubwa. Kiwanja cha Dodoma kipo nyuzi 6.17 kusini na 35.75 mashariki, hadi Dar ni kama kilomita 390. Kwa hiyo ukitazama anga peke yake Dodoma ndiyo inayoshinda kati ya viwanja vyote vitatu: 390 dhidi ya 450 dhidi ya 483. Tena kiwanja kipo mjini kabisa, hakihitaji safari ya pili ya teksi. Ila ushindi huo wa kilomita 93 dhidi ya Kisongo, ukiubadilisha kuwa muda wa ATR, ni dakika 11, na umeulipia kwa kilomita 90 za ziada za basi ambazo ni zaidi ya saa moja na nusu. Kwa mtu wa Hirbadaw asiye na shughuli nyingine Dodoma, kwenda huko kupanda ndege ya Dar ni hasara.

Nimesema kupanda ndege. Kwenda Dodoma kupanda treni ni habari nyingine, na hapa ndipo hesabu ya mlango hadi mlango inapoonyesha makali yake. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, ile ya haraka huchukua takriban saa tatu na nusu hadi Dar es Salaam. Ndege inachukua saa moja na robo. Mtu anaona tofauti ya zaidi ya saa mbili na kudhani mjadala umekwisha. Ongeza sasa vilivyosahaulika. Ndege inakutaka kiwanjani saa moja na nusu hadi mbili kabla. Ukishatua, unasubiri begi, kisha una kilomita kama 12 za barabara ya Nyerere kabla ya kufika katikati ya jiji, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Tazara jioni anajua kwamba kilomita hizo hazihesabiki kwa kugawa. Weka saa nne na nusu kwa jumla. Treni inakutaka stesheni mapema pia, tuseme saa moja, lakini inakushusha katikati ya jiji, hatua chache kutoka mjini kwenyewe. Nayo ni saa nne na nusu. Ndege yenye mwendo mara kadhaa ya ule wa treni imefika nayo sawia, na nauli si sawa hata kidogo.

Hapo msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, kwa nini mtu wa Hanang apande ndege kabisa, na si basi la moja kwa moja? Swali ni zuri na halistahili jibu la ushabiki. Katesh hadi Dar kwa basi kupitia Dodoma ni zaidi ya kilomita 770. Kwa wastani uleule wa 55 ni saa 14. Kwa Kisongo, weka saa nne na robo za barabara, saa mbili za kiwanjani, saa moja na nusu ya ndege, saa moja na nusu ya begi na foleni: saa tisa na robo. Kwa basi hadi Dodoma na treni kutoka hapo, kama saa kumi na nusu. Ndege inaokoa karibu saa tano dhidi ya basi na saa moja na kidogo dhidi ya treni. Saa tano ni nyingi kwa mzee mwenye kisukari, kwa mama aliyetoka kujifungua, kwa anayewahi mazishi. Kwa kijana mzima asiye na haraka, ni pesa aliyoitupa hewani. Kisha kuna sharti linalofuta kila kitu: saa tano hizo zipo tu ikiwa muda wa ndege unakuruhusu kutoka nyumbani na kufika kiwanjani siku hiyohiyo. Ndege ya saa moja asubuhi inakulazimu kulala Arusha. Ukilala, safari yako imekuwa ya siku mbili, na basi lililoondoka Katesh alfajiri ya jana limeshakupita zamani. Tiketi ya asubuhi iliyoonekana rahisi imegharimu chumba cha kulala wageni, chakula cha jioni na siku nzima ya kazi.

Mwingine atasema kwamba umbali wa angani una maana hata hivyo, kwa kuwa ndio unaopanga nauli. Kwa safari fupi za ndani sivyo. Tozo za kiwanja kwa safari za ndani hulipwa kwa kichwa, si kwa kilomita, na nauli yenyewe hufuata zaidi idadi ya viti vilivyobaki, msimu wa watalii, ushindani kwenye njia na siku ulizotangulia kukata. Wiki ya kufunga shule au ya Krismasi, kilomita 450 zilezile huweza kukugharimu mara mbili. Aliyekata mapema kwa KIA anaweza kulipa kidogo kuliko aliyekata jana kwa Dodoma, ingawa ameruka kilomita nyingi zaidi.

Wapo pia watakaoelekeza kidole kwenye viwanja vya karibu zaidi. Haydom, kule Mbulu, kuna uwanja wa ndege ndogo uliozoeleka kwa kazi za misheni na za hospitali ya Kilutheri. Kiwanja cha Ziwa Manyara, juu ya ukingo wa bonde la ufa karibu na Mto wa Mbu, hupokea ndege ndogo kila siku. Mtu wa Mbulu anayeshuka kwa Karatu anakipita kabisa. Lakini Haydom si kiwanja cha kukata tiketi, ni cha dharura na huduma. Na nauli za Manyara zimepangwa kwa mfuko wa mtalii anayekwenda Serengeti. Ukaribu wa kiwanja una faida pale tu ambapo kuna ndege inayokwenda unakokwenda, kwa bei unayoiweza.

Mahali ambapo KIA inajitetea bila kuhitaji wakili ni safari za nje. Tangu kilipofunguliwa mwaka 1971 kiwanja hicho kimekuwa mlango wa kaskazini wa nchi, na wakazi wengi wa Manyara bado wana mazoea ya kushuka Dar kwanza, kana kwamba nje ya nchi kunaanzia Pugu. Chukua safari ya Addis Ababa, ambako wengi huunganisha kwenda Ulaya, Marekani na China. KIA hadi Addis ni karibu kilomita 1,390, saa mbili na kidogo. Ukienda Dar kwanza unaruka 450 kuelekea kusini, kisha kama 1,760 kurudi kaskazini, ukiupita usawa wa KIA njiani. Hapa umbali wa angani una uzito wa kweli, kwa kuwa tofauti ni kilomita 820 na ndege ya ziada ya kusubiri. Anayekwenda Muscat ana sababu nzuri zaidi ya kupitia Dar es Salaam, ambako umbali ni kama kilomita 3,970, lakini hata yeye alinganishe kwanza na safari za KIA zinazounganisha kwenye miji mingine ya Ghuba.

Kwa safari hizo za nje usisome muda kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi huandika saa ya mahali pale. Tuseme ndege inaondoka Dar 10:00 na kufika Muscat 16:15. Ukitoa moja kwa moja unapata saa sita na robo. Ukweli ni tano na robo, kwa sababu Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Doha, Nairobi na Addis Ababa ziko sawa nasi. Amsterdam iko nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa joto, hivyo safari ya kwenda huko huonekana fupi kwenye karatasi kuliko ilivyo kwenye kiti.

Kosa linalowakosesha watu ndege kabisa, hata hivyo, ni dogo kuliko hilo. Saa za tiketi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. 18:40 ni saa moja kasoro dakika ishirini jioni. La hatari kuliko yote ni 00:30. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14, na mtu anayefika kiwanjani jioni ya tarehe 15 amechelewa kwa karibu siku nzima. Andika saa hizo upya kwa mkono, kwa hesabu yetu, na siku ya wiki pembeni.

Kisha panga kwa kurudi nyuma. Chukua ndege ya Kisongo ya saa kumi jioni. Kaunta hufungwa kama dakika arobaini kabla, nawe unataka kuwa hapo saa nane. Toa saa nne na robo za basi, umefika saa nne kasoro robo asubuhi, Katesh. Toa saa moja ya tahadhari ya njiani: tairi, mizani, basi lililosubiri abiria wajae Babati. Saa tatu kasoro robo. Sasa toa kipande cha Hirbadaw hadi Katesh kama unavyokijua wewe, kwa msimu uliopo, si kama kilivyokuwa Agosti. Kiangazi utaondoka alfajiri na kufika bila jasho. Masika, au siku ya mnada ambapo magari hujaa mbuzi na wenye mbuzi, lala Katesh usiku uliotangulia. Chumba cha Katesh ni rahisi kuliko cha Arusha na ni rahisi mno kuliko tiketi ya pili. Ndege ya KIA ya saa hiyohiyo inakutaka uondoke Katesh kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi, maana yake kwa mtu wa Hirbadaw ni kutembea gizani au kulala mjini kwa vyovyote. Kama unaunganisha ndege nyingine Dar kwa tiketi mbili tofauti, acha nafasi isiyopungua saa nne katikati, na uliza ni jengo gani la abiria, kwa sababu Dar es Salaam yapo zaidi ya moja na hayako mlango kwa mlango. Shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri kwa sababu la kwanza limechelewa.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Wengi hukata ndege ya jioni ili wamalize shughuli za mjini, wakatua KIA saa mbili usiku, na hapo wakakuta hakuna basi la Babati. Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku ipo tangu 2023, lakini ruhusa haimaanishi kwamba kuna gari stendi usiku huo linalokwenda unakokwenda. Ndege ya kurudi inayokufaa ni ile inayotua kabla ya saa tano asubuhi: unapata basi la mchana, unafika Katesh jua bado lipo, na anayekuja kukuchukua anaiona barabara. Mpigie kabla hujapanda ndege, si baada ya kutua, umuulize kama jana mvua ilinyesha.